Kurasa Kumi na Sita

Riwaya niliyoisoma Tukuyu nikiwa kidato cha pili
ilikuwa na pengo katikati, kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza:
ukurasa wa mia na kumi na mbili,
kisha mia na ishirini na tisa.
Nani alizichana zile kumi na sita, sijui;
nadhani zilifungia karanga, au ziliwashia moto
msimu ule kuni zote zilipolowa.

Kabla ya pengo, sanduku la bati linashushwa mlangoni kwa Bupe.
Limetoka machimboni, kusini, bila mwenyewe.
Lina kufuli. Ufunguo umening'inizwa kwa uzi mwekundu.
Baada ya pengo Bupe yuko shambani, anapanda maharage,
na hakuna anayelitaja sanduku tena.

Basi nikalifungua mimi.
Mvua ya Tukuyu haina haraka ya kwenda popote,
ilinipa miezi.
Nikaweka koti la kaki lenye harufu ya moshi wa makaa,
nikaweka barua saba ambazo hazikutumwa,
na kiatu kimoja. Kwa nini kimoja, sikujiuliza.
Mwaka uliofuata nilikitoa kiatu, nikaweka kitana.

Ikapita miaka thelathini ndipo wakaleta filamu.
Waliionyesha Uyole, ukumbi wa kanisa, viti vya plastiki,
projekta inakohoa.
Nilikwenda na mdogo wangu Lugano, fundi matofali,
aliyeacha shule darasa la nne na hajaijutia hata siku moja.

Nilikwenda na kisu changu, nakiri.
Bupe wao ni mrefu mno.
Baridi yao ya kuigiza: wamevaa masweta
na hakuna mvuke unaotoka kinywani.
Mvua imemwagwa kwa pampu, inadondoka wima,
haijui kuja kwa ubavu kutoka mlima Rungwe.
Shangazi, aliyemaliza sura nzima kwa umbea wake,
kapewa sentensi moja na bakuli la viazi.

Halafu sanduku.
Bupe akakata uzi. Ukumbi kimya,
hata muuza kashata akasimama na sinia lake.
Kifuniko kikainuka: shati jeupe, limekunjwa,
na kinanda cha mdomo.
Basi. Shati na kinanda.
Nilitaka kupiga kelele, koti liko wapi,
barua zangu ziko wapi.
Nikageuka. Lugano analia.
Mtu aliyezika mke kwa jicho kavu, analia
kwa namna mwanamke yule alivyokirudisha kifuniko,
taratibu, kwa viganja viwili,
kama anayemfunika mtoto asiamke.
Ukurasa gani ungeandika viganja vile?
Labda ungeandika. Ungechukua mistari kumi,
na Lugano asingefika wa pili.

Juma lililofuata, Mwanjelwa, kwa muuza vitabu vya mitumba,
kati ya kemia na katekisimu,
nikaipata nakala nzima. Nikasoma nimesimama.
Mia na kumi na tatu: mvua juu ya bati.
Kufuli, na kutu inavyoanzia pembeni.
Bupe anauficha ufunguo kwenye chungu cha chumvi.
Bupe analikalia sanduku, anachambua mboga.
Mia na ishirini na nane: mvua imekatika.

Mwandishi hakulifungua.
Kurasa kumi na sita, na hakulifungua.

Kamera haikuvumilia. Nami sikuvumilia,
mimi niliyejiona mlinzi wa kitabu.
Shati lao, koti langu:
wezi wawili, sanduku moja.

Jioni Lugano akapiga simu.
Enhe, kitabu kinasemaje,
mle ndani kulikuwa na nini hasa?
Nikatazama nje. Ukungu ulikuwa umemeza mgomba wa kwanza
na unausogelea wa pili.
Kiatu, nikamwambia. Kimoja.
Akanyamaza muda mrefu, salio likiteketea,
kisha akauliza:
cha kushoto au cha kulia?