Hesabu ya Vitumbua

Sikujua kwa harufu. Harufu ilinidanganya.
Nilidhani kuna msichana amejipaka mafuta mapya,
ya tunda fulani ambalo hapa Katuba haliuzwi,
nami sijaliona ila limechorwa kwenye kikopo cha mtindi.
Nilijua kwa hesabu.

Miaka saba nauza vitumbua mbele ya lango hili la buluu.
Najua nani ni wa viwili, nani wa vitatu,
nani hula kimoja na kumfungia mdogo wake cha pili
katika karatasi ya daftari la jiografia.
Mumba alikuwa mtoto wa vitano.
Noti ya mia tano, laini kama kitambaa,
bado ina joto la kiganja cha mama yake.

Mvua zilipoanza akashuka hadi vitatu.
Halafu kimoja.
Halafu akawa anapita upande wa pili wa barabara,
macho kwenye viatu.
Wala si yeye peke yake: Kyungu, Mwape,
pacha wa fundi baiskeli.
Beseni langu likawa linarudi nyumbani zito,
na mchuuzi mwenye beseni zito halali, anafikiri.

Basi nikatazama.
Nyuma ya vyoo vya shule, pale ukuta ulipobomoka,
kuna kitu kidogo kama kalamu, kinapita mkono kwa mkono,
faranga mia mbili kwa mvuto mmoja.
Mwenye nacho ni kijana wa pikipiki, anatabasamu kama mjomba.
Koti lake lina mfuko mwingine, una zipu, una vidonge.
Bado hajaufungua.
Hana haraka.

Mume wangu alikula moshi miaka kumi na tisa
chini ya lile bomba refu ambalo Lubumbashi nzima inaliona.
Yeye walimlipa.
Kila mwisho wa mwezi walimlipa, na gunia la unga juu yake,
na siku za mwisho kifua kilimlia kama mlango wa ghala.
Leo mtoto ananunua moshi kwa pesa ya chakula,
moshi uliotiwa sukari.
Nilitaka kucheka. Nikaliangalia beseni, sikucheka.

Sikumpigia kelele. Kelele wanazo za kutosha:
prefe anazo, mhubiri ana spika zake,
na ukutani limebandikwa tangazo lenye fuvu,
fuvu ambalo watoto wameshalichorea miwani.

Nilimwita tu: Mumba, nisaidie, makaa yamelowa.
Akachuchumaa mbele ya mbabula, akapuliza.
Mara ya pili akashika ubavu.
Mara ya tatu kikohozi kikamkunja,
miaka kumi na minne, winga wa kushoto wa mtaa mzima,
na makaa yakabaki meusi vilevile.
Hakuna aliyesema kitu.
Nilichukua kifuniko cha sufuria nikapepea mwenyewe.

Kesho yake alikuja kabla ya kengele. Sikuwa nimemwita.
Akapuliza, akakohoa, akapuliza.
Kesho kutwa hakuonekana.
Jumatatu alikuja na Mwape.
Tukapatana: moto ukiwaka, vitumbua viwili;
usipowaka, kimoja.

Sisemi amepona. Ijumaa nililisikia tena lile tunda
kwenye shati lake, nikampa kimoja,
ingawa moto uliwaka.
Akakigeuzageuza mkononi. Hakuuliza.
Na yeye anajua hesabu.

Yule wa pikipiki siku hizi ananisalimia:
"Mama, biashara?"
Namjibu inapanda. Si kweli,
jana nimebakiza thelathini.

Lakini leo, kabla jua halijavuka
kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba,
kaa moja lilishika, jekundu upande mmoja tu,
naye akainua uso wenye majivu kwenye kope:
"Leo ni viwili?"

Nilimsogelea kama anayetaka kumfuta majivu,
nikanusa kola.
Sabuni. Jasho. Moshi wa makaa.

Viwili, nikasema. Kula, kengele inakuja.