Mfarishi wa Magoti

Mwezi wa pili, hata kuta za Kibokoni zatoka jasho,
nami niko sakafuni, nashona mfarishi.
Bi Rahiya apita mlangoni, acheka:
"Shoga, wahamia Limuru?"
Simjibu. Kinywani nina pini nne.

Baridi iko chumba kile cha ghorofa ya pili, hospitali,
Jumatatu na Alhamisi, saa nne kila kikao.
Damu ya wifi yangu yatoka mkononi, yazunguka mashine,
kisha yarudi imepoa
kama mgeni aliyelazwa nje.
Shuka la wadi ni jembamba. Magoti yake hugongana.

Basi nimemwaga gunia la masalio.
Miaka kumi na tisa nashonea watu,
na kila nguo iliyotoka mlangoni iliniachia chochote:
drafti nyekundu ya sare za shule,
satini ya zambarau ya bi harusi aliyeghairi
(pesa zangu pia zilighairi),
pazia la Gulamali, maua yake yamechoka,
ukosi wa kanzu,
goti la ovaroli ya Athmani, la buluu, lanuka grisi bado
ingawa bandari ilimwachisha zamani.
Mama alisema nguo haina makombo.
Nimekata boksi la majani ya chai, ndio kipimo changu,
na kila kipande kisichotosha naunga na mwenziwe
mpaka kitoshe.

Chini kabisa ya gunia, leso.
Haijaguswa na maji, ingali ina wanga wa dukani.
Aliniletea yeye, Swabra, siku nilipotoka arubaini
ya mwanangu wa kwanza.
Aliikunjua mbele za watu, maneno yakajisoma yenyewe:
MGENI NJOO LAKINI USIZOEE KITI.
Wanawake wakatazama chai zao.
Nikasema ahsante. Sikuivaa.
Tangu hapo twasalimiana misibani,
kwa ncha za vidole.

Pindo jekundu, mji mweupe wa korosho nyeusi.
Makasi yangu yalisita mpakani mwa mji huo
kama mtu mwenye adabu anayebisha hodi.
Hakuna aliyeitika.
Nikakata.
Leso mpya ikikatwa husema krrr,
kama mtu anayesafisha koo.

Stima imepotea saa tatu. Cherehani ya miguu haijui habari hizo.
Nashona kwa mwanga wa simu, subana kidoleni,
mishono mingine imenyooka,
mingine yaenda kama mlevi wa Bondeni; siifumui.
NJOO nimelishona katikati,
ubavuni mwa goti la Athmani.

Alhamisi nesi aliukagua kama afisa wa forodha.
Swabra hakusema kitu.
Mkono mmoja umefungwa mirija,
mwingine ukaanza kutembea: satini, drafti, ukosi,
ukafika kwa kaka yake,
akaupeleka puani, akafumba macho.
Ukarudi. Ukafika NJOO. Ukakaa hapo.
Kisha ukapapasa kulia, ukapapasa kushoto.
Leso ile aijua, aliichagua mwenyewe.

"Na yale mengine?"
"Yamo ndani, pamoja na pamba."
Akabonyeza hapa, akabonyeza pale.
"Ndiyo maana pana uvimbe."
"Hapo ni USIZOEE. Nililikunja mara nne."

Akacheka mpaka mashine ikalia
na nesi akaja mbio, viatu mkononi.
Tulipokaripiwa tukanyamaza, wanawake wazima,
mmoja na mvi, mwingine na pini ameisahau kwenye buibui.

Kisha kwa kidevu akanionyesha kiti,
kile cha plastiki, mguu mmoja umetiwa kiraka cha waya.
Nikakaa.
Saa zote nne.