Nafasi ya Kumi

Mkuu wa idara alitaka vivutio kumi vya kihistoria,
kila kimoja mistari mitatu na picha,
mgeni akitoka hotelini asubuhi
avimalize kabla ya jua kuzama
na abaki na muda wa kununua kinyago.

Nikaanzia Kunduchi, makaburini, Jumanne yenye manyunyu.
Ukuta umelala upande mmoja, mbuzi wanaingia watakavyo,
lakini Mwinshehe, kijana wa zamu, anao ufunguo.
Akanizungusha hadi getini, akafungua kufuli,
tukapita, akafunga.
"Ukuta ndio uliochoka," akasema, "mlango bado."
Kwenye nguzo mna matundu ya duara
palipokuwa na mabakuli ya Kichina.
Nikatia ngumi katika mojawapo. Ikaenea.
Kiingilio nililipa. Kaboni ya risiti ilinipaka kidole,
kidole kikapaka daftari:
Mwaka, hausomeki. Hali, wastani.

Boma la Kale nililipima kwa shubiri,
futikamba niliisahau mezani ofisini.
Pale Azania, chini ya paa jekundu,
nilimuuliza mama aliyekuwa akifagia ngazi,
kanisa hili ni la lini?
"Nimelikuta," akajibu, na ufagio haukusimama.
Nikaliandika neno hilo kama lilivyo.

Kisha Askari.
Miaka ishirini na mbili nimeahidiana na watu hapo,
"nipo kwa Askari, wewe umefika wapi?"
na sijawahi kuvuka hadi kwenye jiwe lenyewe.
Siku hiyo nilivuka, nikapigiwa honi, nikatukanwa kidogo.
Yeye yuko juu, singe yake imeelekea bandarini,
hata aliye ghorofa ya tatu anamwona.
Wapagazi wako chini, kwenye bamba, ubavuni.
Usipoinama, huwaoni.
Nikainama.

Bibi Mwamtoro alikuwa akisimulia, tena huku akichambua mchele,
kwamba babu yake alichukuliwa Maneromango
na ngata moja kichwani.
Ngata ya pili, ya akiba, ya majani ya mgomba,
ilibaki imetundikwa kwenye fito
wakisema atairudia.
Mende wakaimaliza.
Bibi hakulia alipofika hapo. Alitoa chuya, akaendelea.

Nikaenda Kariakoo kwa miguu.
Jina la kikosi chao, la kigeni, gumu,
tulilitafuna midomoni mwetu hadi likalainika,
na sasa tunalitaja tukienda kununua vitunguu.
"Pisha! Mzigo huo!"
Nikajibanza kwenye meza ya dagaa,
robota la mitumba likapita lina miguu miwili chini yake.
Lilipotuliwa nikamwona mtu: Dihenga, wa Kisarawe,
shati limeganda mgongoni.
Nikamuuliza kama anajua kwa nini hapa paliitwa Kariakoo.
Akatazama daftari langu, akalitazama robota.
"Dada, mie nalipwa kwa safari,
silipwi kwa swali."
Akainama, wenzake wakamtwika.

Jioni, ofisini, feni ikilia kwa kukwaruza,
nikajaza nafasi ya kumi:
Jina, mgongo.
Mahali, Kariakoo, mtaa wowote.
Mwaka, nimeukuta.
Hali, unatumika.
Kiingilio, pisha.

Mkuu alisoma akiwa amesimama.
Alicheka, si kwa ubaya,
akaomba kalamu nyekundu, na mimi ndiye niliyempa.

Kipeperushi kimetoka. Karatasi inang'aa.
Cha kumi ni ufukwe, mchanga mweupe,
picha nzuri kweli,
haina mtu hata mmoja.