Kona ya Sikudhani

Karatasi kumi na nne, zimetiwa saini,
mihuri mitatu, mmoja umekaa upande.
Zahanati ya wazazi, Mbagala Kizuiani:
hapa mstari, pale mstari,
duara lenye msalaba ndani, nasi tukaliita bomba.
Miezi minne tuliziinamia, mimi na Mhandisi Ngonyani,
feni ikizipeperusha, tukizibana kwa vikombe vya chai,
na hakuna aliyeona kitu.

Kisha Makame, mdogo kuliko wote ofisini,
akakesha na kompyuta iliyong'oka kitufe kimoja,
akaliinua jengo kutoka kwenye karatasi.
Kuta zikasimama. Dari ikakaa juu ya kuta.
Akaligeuza kama ageuzaye papai sokoni
akitafuta palipobonyea.

Tukaliona bomba la maji taka
limepita katikati ya boriti
kama mzuka, halikupiga hodi.
Ngonyani akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.
Bomba lilikuwa palepale.
"Zege lingekwisha kumwagwa," akasema,
"tungeshika tindo mpaka Idi Kubwa."

Lakini si hilo lililonishikisha kalamu.
Aliingia Sikudhani kuchukua vikombe.
Amefagia wodi Temeke miaka kumi na mmoja kabla ya kuja kwetu;
ramani zetu amezipangusa vumbi,
hakuna aliyemuuliza anaona nini.
Akasimama na ndoo yake. Makame akamtembeza
kwenye korido ambayo bado haipo,
mlango hadi mlango,
na bega lake likainama kidogo, kama anasukuma kitu.
"Hapa," akasema, "kitanda hakikati kona.
Mama ana uchungu, dripu inaning'inia,
mtamnyanyua kwa shuka?"

Tukapima. Sentimita ishirini na mbili, pungufu.

Jina lake Sikudhani;
ambao hatukudhani ni sisi.

Ukuta ukasogea kwa kubofya mara mbili.
Halikuvunjwa tofali, hakuna fundi aliyedai ujira wa kubomoa.
Chini, Kariakoo, mtu ananadi soksi kwa kipaza sauti.
Tulikuwa tunapeana mikono
umeme ulipokatika. Feni ikazunguka mzunguko wa mwisho,
jengo likazama kwenye kioo cheusi
na vyumba vyake, mabomba, vitanda vyote,
na Sikudhani, bado ametazama palepale,
akauliza:
"Na maji ya deki, tutayamwaga wapi?"