Gharama ya Kungoja

Bodi mbili zimelala mezani, uchi, bila kasha,
juu ya katoni ya mafuta ya alizeti,
hapa Kiboriloni, nyuma ya duka la mashuka.
Zote zina picha tumboni, hazidai kadi ya ziada:
unachomeka kioo, kinawaka.
Moja ina feni, inavuma kama mashine ya kusaga.
Nyingine ina bati tu, lenye mbavu,
imenyamaza kama paka wa sakristia.

Elinisafi, nesi wa zahanati kule juu Shimbwe,
ameniandikia ujumbe wa maneno manne:
"Nichagulie yenye kasi, dada."

Basi nimechukua diski ileile, waya uleule,
faili lilelile, harusi ya kaka yangu, giga kumi
za watu wanaocheza na keki isiyokatwa,
na kipimo cha wati nilichoazima kwa Temba
ambaye hampi mtu kitu mara mbili.

Yenye feni: dakika tatu, wati arobaini na nane.
Isiyo na feni: dakika nane, wati ishirini na moja.
Nikaandika nyuma ya risiti ya Luku,
nikazidisha,
nikazidisha tena, maana sikuamini.
Mia na arobaini na nne.
Mia na sitini na nane.
Kumbe mlafi ndiye aliyekula kidogo!
Amekula kwa pupa, akanyanyuka, akanawa,
na huyu mpole anadonoa, anadonoa,
mpaka sufuria inalia.

Nikashika simu nimwambie: umesema kweli, kasi.
Salio halikutosha.
Nikamtuma mtoto wa jirani vocha, akapotelea kwenye mpira,
na mimi nikabaki nakitazama kipimo
kwa kukosa cha kutazama.
Hakuna kilichokuwa kinanakiliwa. Hakuna aliyegusa kitufe.
Yenye feni: thelathini na moja.
Thelathini na moja, kwa kukaa tu!
Nikahamisha nyaya.
Isiyo na feni: tisa.

Hapo nikakumbuka zahanati ilivyo.
Mama anaingia, mtoto mgongoni, matope hadi magotini.
Elinisafi anafungua kadi: sekunde mbili.
Kisha mtoto anawekwa kwenye mizani, analia, anatulizwa,
kalamu inatafutwa, inapatikana sikioni,
jina la baba linaulizwa, mama anatazama dirisha.
Kompyuta inangoja.
Juu ya bati, sola mbili zimetazamana na wingu
lililokaa tangu Jumatatu kama mgeni asiyeaga,
na betri ni moja,
ileile inayowasha taa ya chumba cha kujifungulia.

Baba yangu naye, kila asubuhi,
huvaa shati lililopigwa pasi, peni mbili mfukoni,
akakaa kando ya simu kungoja habari ya kiinua mgongo.
Mwaka wa tatu huu.
"Hafanyi kitu," mama husema,
"lakini jioni amechoka kama aliyelima."
Nilidhani ni uzee.

Nimeifunga isiyo na feni kwa gazeti, kurasa za michezo,
nikaandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito:
Hii ni ya polepole.
Nakala ya jioni iache ijinakili ukiwa unafunga madirisha.
Ikikukera, itazame taa.

Yenye feni nitamuuzia Ndewirwa, mpiga picha wa mjini,
yeye hana subira, na umeme wake unatoka ukutani.

Mtoto amerudi, vocha imelowa jasho, kwao wamefungwa mbili.
Nimechomoa kila kitu.
Kipimo kinasoma sifuri
ingawa kitaa chake chekundu bado kinawaka,
nacho pia,
kidogo kidogo,
kinakula.