Tupu si Sifuri

Saa mbili kasoro, umeme wa Arua haujaamka.
Tumekaa kumi na tisa mbele ya kompyuta kumi na moja,
na Mwalimu Anguyo anachukua chaki
aichore hifadhidata ubaoni kwa mkono:
safu, mstari, ufunguo.
"Ufunguo," anasema, "ni kile kitu kimoja cha mgonjwa
ambacho hakuna mwingine duniani anacho."
Ezaruku wa dawati la nyuma anauliza: jina je?
Darasa linaangua kicheko.
Humu ndani tu kuna akina Candiru watatu,
na mama yangu wa nne.

Kabla ya chuo nilikuwa karani wa kituo, Vurra,
miaka sita ya madaftari yanayonuka mafuta ya taa,
kila mwisho wa mwezi nikijumlisha kwa vidole
malaria, kuhara, kikohozi, aliyeumwa na mbwa,
kisha bodaboda hadi mjini, mvua juu,
ripoti nimeificha ndani ya blauzi kama kichanga.
Nilidhani kuhesabu nakujua.
Mbuzi wanne na robo ya shamba la mihogo
vimelipa ada nije kuambiwa kwamba sikujui.

Panya wa madaftari nilimzoea.
Kipanya cha mezani kilinitoroka wiki nzima.

Muhula wa pili, misimbo ya magonjwa.
Kila uchungu na herufi yake.
B54, malaria isiyotajwa aina.
T63, nyoka na wenzake wenye sumu.
R99, kifo ambacho hakuna aliyejua kilikotoka;
kwetu R99 ina majina,
ina jirani, ina jicho, ina ugomvi wa mpaka.
Mfumo hauna mahali pa kumwandika jirani.

Somo la siri za wagonjwa nililifaulu kwa karatasi.
Kisha shangazi Draru akapiga simu:
"Yule mchumba wa binamu yako, kadi yake inasemaje?"
Nikamwambia mtandao uko chini.
Haukuwa chini.
Sijui mtahini angenipa ngapi:
nimetunza siri, nimetumia uongo.

Saa nne na robo taa zikawaka,
feni zikakohoa vumbi, tukashangilia kama watoto.
Kazi ya vitendo: daftari kuukuu la wodi ya wazazi,
limeletwa ndani ya gunia la sukari,
tulinakili mstari kwa mstari.
Mwenzangu anasoma, mimi nachapa.
Mstari wa kumi na nne.
Mama: Candiru. Umri: kumi na tisa.
Kijiji: wino umekunywa maji.
Mtoto: wa kike. Uzito: gramu elfu mbili na mia moja.
Hali ya mtoto:

Hamna kitu.
"Weka sifuri tuendelee," mwenzangu anasema,
njaa inamwita kantini.
Mwalimu alikuwa nyuma yetu, sikujua.
"Tupu si sifuri," akasema.
"Sifuri ni jibu. Tupu ni mkunga
aliyeitwa kitanda kingine kalamu ikiwa mkononi,
asirudi."

Mama husema "yule" mara moja kwa mwaka,
akipepeta mtama, uso kwenye ungo.
Jina langu, Ayikoru, ni furaha;
sikuwahi kuuliza ilifuata nini.

Tarehe inakaribia. Umri unakaribia.
Na Candiru wako wangapi katika wilaya hii,
wasichana waliopewa dhiki iwe jina?
Ufunguo haupo.
Nilichofundishwa, na nimekielewa leo, ni hiki:
mistari miwili inayofanana
usiiunganishe kwa sababu moyo unataka.

Kioo kikawa chekundu: Sehemu hii inahitajika.
Nikatafuta chini kabisa ya orodha,
nikachagua Haijaandikwa.
Nikahifadhi.

Jioni nilimpigia mama.
Aliniuliza nimekula nini.
Tukaongea mihogo, bei ya gunia,
mbuzi mmoja aliyebaki ana mimba.
"Na masomo?"
Nikasema leo tumejifunza kuacha nafasi.
Akanyamaza kidogo.
Salio likaisha, au akakata.
Sikuandika lipi.