Kibanda cha Mkalimani

Kutwa nzima nasema "mimi"
na mimi simo.
"Mimi naona," kwa niaba ya mheshimiwa wa upande wa kulia,
"sumu i kichwani. Tuanze na kichwa.
Khutba zipitiwe kabla ya Ijumaa,
vijana wafunzwe upya kila aya waliyopindishiwa."
Nameza maji, nabadili ulimi.
"Mimi naona," kwa niaba ya bibi wa upande wa kushoto,
"mnatibu homa, mnafuga mbu.
Hakimu yuko wapi? Barabara iko wapi?
Asiyesikilizwa na ofisi
atasikilizwa na msitu."
Hapo nimempamba kidogo.
Kwa Kireno alisema tu: wananchi hawana huduma.

Ukumbi huu wa Shangani una viyoyozi vinne,
kimoja kinavujia bendera.
Tupo kifungu cha saba tangu saa tatu asubuhi:
iandikwe "chanzo kikuu" au "mojawapo ya vyanzo"?
Koma ikae kabla ya "itikadi" au baada?
Kutoka hapa hadi Ruvuma bodaboda haimalizi saa mbili.
Koma hiyo haijavuka meza.

Ndani ya kibanda changu cha mbao na kioo
nina kalamu, kamusi mbili, pipi za tangawizi,
na stakabadhi ya ghala ya Mfaume, mtoto wa dada yangu:
korosho ghafi, daraja la kwanza,
kilo mia tatu na kumi na mbili.
Haijalipwa. Nimeikunja mara nne,
na kwenye mkunjo ile mbili imeanza kufutika.

Alikwenda ofisini mara sita.
Ya saba akapandisha sauti,
mgambo akamzaba kibao mbele ya mkewe, mbele ya foleni,
na karani akasema: anayefuata.
Hilo ni la bibi wa kushoto. Liandikwe.

Lakini palikuwa pia na kadi ya simu,
ndogo kuliko ukucha wa mtoto,
na ndani yake sauti tamu, isiyo na haraka,
ikimwita kwa jina ambalo mama yake hakumpa.
Aliisikiliza akipuliza salfa shambani,
vumbi la njano kwenye kope,
mpaka siku alipoacha pampu chini ya mkorosho, ikiwa nusu, akavuka.
Hilo ni la mheshimiwa wa kulia. Nalo liandikwe.

Ila kuna Chande, jirani yao.
Stakabadhi kama ile, mgambo yuleyule,
na kadi aliazimwa, akairudisha siku ya pili:
"Sauti nzuri, lakini huyu mtu hajui bei ya salfa."
Leo anauza pweza wa kukaanga, analalamika, anadaiwa, yupo.
Chande nimwandike kifungu gani?

Wakati wa chai bibi wa kushoto akanishika bega.
"Wewe ni wa hapahapa. Unaonaje?"
Sentensi zangu mwenyewe zina kutu.
Nilitaka kusema: Mfaume.
Nikasema: "Posho ya mkutano wa Februari bado hatujalipwa."
Akacheka. Mheshimiwa wa kulia naye akacheka,
ndipo pekee walipokubaliana siku nzima,
nami nikacheka, maana ndiyo kazi.

Alasiri tukalaani vikali. Nililaani kwa lugha tatu.
Kifungu cha saba kikaahirishwa.

Magharibi Somoe akapiga simu kutoka Nanyamba.
"Wamesemaje?"
Kama mtu aliyemsubiri daktari nje ya mlango.
Nikalitafuta neno "itikadi" katika Kimakonde cha mama yetu,
sikulipata.
Nikatafuta "utawala bora," nikaishia kusema:
watu wanaoitika ukipiga hodi.
Akanyamaza. Nilisikia ungo ukipepetwa, ukasimama.
"Na Mfaume, wamemtaja?"

Waya wa kibanda ulikuwa bado shingoni mwangu.
"Wamemtaja," nikasema. "Kifungu cha saba.
Kuna koma inawasumbua."